Vanila ya Shangazi na Unga wa Poza Rica

Jumatatu, 8 Aprili
Nimepata! Unga mweupe, kilo nzima, kutoka duka la kemikali kule Poza Rica. Unanukia vanila kuliko vanila yenyewe. Shangazi Eduviges huanika maganda yake ya vanila miezi mitatu, kila jioni akiyafunika blanketi kama watoto wachanga. Mimi: maji, spiriti, kijiko cha unga, sukari iliyoungua kwa ajili ya rangi. Robo saa! Nikabandika karatasi yenye jina la mji wetu: Vanila Halisi ya Papantla.

Jumanne, 9 Aprili
Shangazi kainusa chupa. Eti harufu hiyo haina mama. Imeniuma. Nikamtaka tushindane kwa Don Crescencio, mwoka keki. Kakubali.

Jumatano, 10 Aprili
Nimeshinda! Keki mbili, waonjaji tisa, saba wakachagua yangu. Walisema ndiyo vanila ya utotoni mwao, ile ya aiskrimu. Shangazi kajitanda mtandio, kaondoka. Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Ndipo Don Crescencio, niliyekwisha kumsimulia juu ya unga, akaniuliza, "Hongera, Nicanor! Hilo duka la Poza Rica liko mtaa gani?" Hanihitaji tena. Wala hamhitaji shangazi, aliyemuuzia vanila miaka ishirini.

Ijumaa, 12 Aprili
Nimekwenda kuomba radhi. Alikuwa akigeuza maganda. Akanipa moja ninuse. Moshi. Zabibu kavu. Ngozi ya viatu. Kisha, ghafla, sanduku la nguo la marehemu mama. Nikalia kama mjinga. Nikamuuliza kama unga wangu ni uongo. Akasema si uongo, ila ganda lina harufu mia na mimi nauza moja. Macho yake yamefifia. Hawezi tena kuchavusha maua kwa kijiti. Na ua hufunguka asubuhi moja tu. Likinyauka, hakuna ganda. Akaniomba niwe macho yake Jumapili. Nikaapa mbele ya picha ya mama.

Jumapili, 14 Aprili
Nilifika alfajiri. Nimechavusha maua kumi na manne! Mkono ulitulia, moyo pia. Kisha akapita jamaa anayeuza kahawa, akasema kuna mafuta yenye harufu ya kahawa, tone moja tu na kilo ya dengu zilizokaangwa inauzika kama kahawa. Nikamwambia shangazi narudi sasa hivi, nikamfuata yule jamaa. Nimerudi saa nane mchana. Maua mia mbili yamenyauka. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nimekula.

Maskini, hajui nimebeba kichupa gani mfukoni. Kesho nakaanga dengu.