Ubongo Unaowaka Manjano

Jumatatu, 6 Mei
Siku ya siku! Panya Namba Tisa kapigwa picha ya ubongo. Hakuna kisu, hakuna damu. Anachomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo, analala fofofo, anaingizwa kwenye mashine. Ubongo ukila sukari nyingi, picha inawaka manjano. Wa Namba Tisa umewaka kama jua la saa sita! Daktari mkuu kapiga makofi. Na nani anamlisha Namba Tisa? Mimi!

Nyumbani, mambo mengine. Mama mkwe yupo kwetu mpaka harusi ya shemeji. Anatafuta msemaji wa familia. Eti mimi kichwani nina upepo, heri mwanyumba wangu aliyemwoa dada wa mke wangu, yule mng'oa meno. Yule! Hucheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe.

Jumanne, 7 Mei
Wazo limenijia nikisafisha vizimba. Picha haina jina! Ubongo ni ubongo. Nimemwomba Daktari nakala, ya kumbukumbu. Kanipa, kanipiga bega. Mtu mwema, hajui walimwengu.

Jumatano, 8 Mei
Ushindi! Nimemwambia mama mkwe kwamba kazini wametupima wote, na hicho ndicho kichwa changu kikiwaza. Kaiinua picha dirishani. Kisha kauliza kama manjano yote hayo ni akili. Nikajibu kwa unyenyekevu kuwa ni kiasi tu, siku hiyo nilikuwa nimechoka. Kaniita mwanangu! Mara ya kwanza kwa miaka sita. Msemaji ni mimi. Mke wangu kanitazama weee, kisha kaenda kuanua nguo.

Alhamisi, 9 Mei
Balaa. Mwanyumba kaja na miwani yake ya kazini. Kaona kimstari chini ya picha: kipimo. Kachukua rula ya mtoto, kapiga hesabu. Ubongo mzima, sentimita mbili!

Mama mkwe hakushtuka hata kidogo. “Mimi nilisema tangu mwanzo,” akawaambia wote. “Ila nilidhani labda zingefika tatu.”

Mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Ikabidi nikiri kuwa ni panya. Kumbe afadhali ningenyamaza! Msemaji sasa ni mwanyumba. Akipata dharura, kasema shemeji, ataalikwa Namba Tisa.

Ijumaa, 10 Mei
Nimetafakari njia nzima kwenda kazini. Kosa langu naliona waziwazi: nilichagua mnyama mdogo mno! Jumatatu maabara inapokea sungura. Nimeshajitolea kumlisha. Na hotuba iko tayari, kurasa nne.