Chupa Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na sita. Nimeishi muda mrefu kuliko ndugu zangu watano, viwanda viwili nilivyofanyia kazi, na daktari aliyenipa mwaka mmoja. Kisima cha nyuma ya nyumba nilikichimba kwa mikono hii.

Leo kaja binti wa maabara ya chuo. Mtaa mzima wanamwita Bibi Mkemia. Anasema visima vyetu huenda vina madini ya risasi, sumu mbaya zaidi kwa watoto, na kitakachokutwa nayo kitafungwa. Nikamwambia ulimi wangu unapima vizuri kuliko mashine yake. Akasema, sawa babu, lakini ulimi hautoi namba. Koleo, jirani yangu fundi bomba, akacheka mpaka akashika ukuta. Naye ana kisima. Changu kifungwe, mke wangu akateke kwa Koleo? Bora nife.

Jumanne, 4 Machi

Chupa saba. Sita za visima, namba juu ya kifuniko. Mimi ni namba tatu. Ya saba ina maji ya maabara, safi, hayana hata chembe. Nikauliza hiyo ya nini. Akasema inasafiri na wenzake. Ikirudi na uchafu, atajua uchafu umeingia njiani au mikononi mwake. Abiria wa bure, kwa kifupi.

Akaacha kreti barazani kwangu, kivulini, akaenda kuagana na nyumba ya mwisho. Mimi si mwizi. Nimebadilisha vifuniko viwili tu. Sikuangalia nyuma. Niliangalia mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimevaa koti nikaenda maabara. Mlinzi kaniuliza nina miadi na nani. Nikamwambia na matokeo.

Bibi Mkemia kanionyesha, mtoto ana adabu. Kuna mrija wa kioo umejaa punje ndogo kama mtama. Maji yanapita, risasi inanaswa na punje, vingine vinakwenda zake. Halafu anamimina tindikali kidogo, punje zinaachia, risasi inatoka peke yake. Tone moja analiweka juu ya kipande chembamba kama ukucha. Hicho ndicho kinachonusa. Namba zinapanda kwenye kioo cha mashine.

Namba tatu: sifuri. Nikakohoa kwa heshima. Moja, mbili, nne, tano, sita: sifuri. Na cha Koleo kimo humo, inaniuma.

Namba saba ikapanda. Ikapanda tena. Binti akaisogelea mashine. Akasema haiwezekani, hii ndiyo haina kitu. Akaanza kuosha vyombo vyote upya, uso umemshuka, anajilaumu yeye.

Mimi nilikuwa nimeshika kofia. Namba saba ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Jana njiani mdomo ulinitangulia. Nilimwambia muuza duka kwamba nimepata sifuri. Leo asubuhi uani ndoo kumi na moja. Hata Koleo kaja na dumu, anasema, "Mzee, leo nakuvulia kofia, nipe maji ya sifa." Nilingoja siku hiyo miaka kumi. Haikuwa tamu.

Mke wa mwanangu ana mimba ya miezi saba. Akajaza kikombe, akaniuliza, "Kwa hiyo baba, niendelee tu kunywa?" Nikasema ndiyo. Kikombe kikafika mdomoni. Nikamnyang'anya. Nikamwaga. Wote wakanitazama. Nikasema nimeona panya amezama kisimani, mkubwa, kavimba.

Ua ukawa mtupu. Koleo kamwaga maji mlangoni kwangu makusudi. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 8 Machi

Bibi Mkemia kaja hana salamu ndefu. Kaipima namba tatu tena, safari hii katafuta chumvi, ile ambayo maji ya ardhini huwa nayo siku zote. Hakuna. Hata ya kudanganyia. Akasema, "Babu, maji haya hayajawahi kugusa udongo. Kisima gani hicho?" Nikajaribu kumwambia kwamba nilichimba kwa ustadi. Mke wangu akasema, "Mzee, sema."

Nikasema. Binti akakaa juu ya kreti. Siku mbili, akasema, ametafuta kosa kwenye mikono yake mwenyewe. Afadhali angenitukana.

Kisha akaomba kuvuta kamba ya kisima. Juu ikaja ndoo yangu ya plastiki, na lile pande la madini nililoifungia ili izame haraka. Nililiyeyusha mwenyewe mwezi uliopita kutoka sahani za betri kuukuu ya lori. Kazi safi, haina hata tundu. Akaliangalia kama mtu aliyeona nyoka, akasema sahani za betri ni risasi tupu. Mke wa mwanangu akapelekwa zahanati kutolewa damu. Hakuniangalia wakati anaondoka.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu ya damu. Risasi ipo, kidogo, imewahiwa. Asiguse maji yetu, arudi baada ya wiki mbili. Nikatoka nje kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Nimemtekea maji kwa Koleo, ndoo mbili, kichwani, mchana kweupe. Koleo kasema, "Karibu mteja." Nimerudi mara tatu.

Jumatano, 12 Machi

Kisima kimekombwa, pande limechukuliwa na maabara. Ijumaa Bibi Mkemia anakuja na chupa mpya. Mtaani sasa nasema mimi ndiye niliyegundua risasi, na ni kweli ukiangalia vizuri. Maji yatakuwa mazuri, nina hakika. Lakini hakika haitoi namba. Kwa hiyo nimenunua chupa ya maji ya betri, yale yaliyochujwa kila kitu. Na kosa la kwanza sirudii: nimetia chumvi, vidole viwili.

Haya yote ni kweli tupu. Wa kunishuhudia ni mke wangu, ambaye hivi sasa amesimama nyuma yangu, ameshika hiyo chupa.