Chozi la Jicho Kavu

Ninayo furaha kuutangazia umma wa Kisii na Nyamira kwamba Kamati ya Unyevu wa Macho, ambayo mimi ndiye mwenyekiti wake, imezindua zoezi la kukusanya machozi kutoka kwa watu wenye macho makavu. Msicheke. Hata mimi nilicheka, ila nilikuwa nimeshateuliwa.

Utaratibu ni rahisi. Mwenye macho makavu atapewa dawa ya matone pindi atakapotoa sampuli ya chozi. Asiyetoa hapewi, maana tutajuaje kwamba hana machozi kama hajatuletea? Hoja hiyo niliitoa mwenyewe kikaoni, na ikapigiwa makofi.

Tulianzia Tabaka, kwenye vumbi la mawe ya kuchonga. Wa kwanza kuja alikuwa Bitutu, mama anayesugua sahani za mawe hadi ziteleze. Macho yake yalikuwa mekundu na yenye ukungu. Mikwaruzo hakuiona tena, alikuwa akiipapasa kwa shavu. Mnunuzi alikuwa amemrudishia sahani mara mbili, na kuapa kwamba zikirudi tena, kazi ataifanya mwingine.

Joyline, fundi wetu wa maabara, akampachika kijikaratasi chini ya kope. Tukangoja. Kikatoka kikavu kama biskuti.

"Lia kidogo, mama," nikamsihi.

"Tata, kama ningekuwa na machozi, ningekuja kwako kufanya nini?" akajibu, akiniita baba kwa Kikisii.

Nikamweleza kwamba hilo ni suala la kisera.

"Mkubwa, si tumpe tu dawa," Joyline akaninong'oneza.

"Bila sampuli? Na mkaguzi akija?"

"Basi nikate kitunguu."

Kitunguu kamati ilikuwa imekipiga marufuku. Chozi la kitunguu ni la kitunguu, si la mwananchi.

Ndipo nikabuni mkakati. Jirani yake Bitutu, mzee Onchiri, alikuwa anazikwa wiki hiyo, nami nikaagiza zoezi lihamie matangani. Bitutu alimpenda mzee yule kwa dhati. Alipiga mayowe hadi sauti nayo ikakauka, lakini kijikaratasi hakikupata hata tone.

"Moyo inalia, tata," akaniambia. "Ni macho imekataa." Nilimhurumia kwelikweli, ingawa huruma haikuwa katika bajeti.

Sasa, huku kwetu jeneza haliteremshwi kaburini kabla kila mkubwa hajapewa kipaza sauti. Zamu yangu ilipofika nikasema nitasalimia tu na kuketi. Ukimsikia mkubwa akisema hivyo, tafuta pa kuegemea.

Nikaeleza maono ya kamati. Nikaeleza dhamira, kisha changamoto za utekelezaji, kisha nikarudi kwenye maono kwa ajili ya waliochelewa. Nilipofika kwenye mikakati ya muda wa kati, nikaona shavu la Bitutu linameta. Mama aliyeketi kando yake alikuwa akijifuta kwa leso. Hema zima likawa linapangusa macho, na Joyline anakimbia huku na huko na vijikaratasi vyake. Nilijua nimegusa mioyo, kwa hiyo nikaongeza sauti.

Tulipomaliza kuzika nikamvuta Joyline pembeni. "Niambie, ni kipengele gani kilichowaliza?"

"Hakuna aliyelia, Mkubwa. Ni miayo. Mtu akipiga miayo mfululizo, chozi linajitokea lenyewe. Hata kwa Bitutu limetoka."

"Miayo ya njaa?"

"Watu walikuwa wamekula, Mkubwa."

Hata hivyo sampuli ni sampuli, na Bitutu akapewa matone yake. Baadaye nikarudi Tabaka na Joyline kujionea mafanikio. Nilimkuta ameinua sahani kwenye mwanga, anaonyesha kwa kidole mkwaruzo ambao mimi sikuuona. Mnunuzi alikuwa ameagiza zaidi. Akanikaribisha kwa mikono miwili.

"Tata, dada yangu Kemuma yuko Kenyenya. Yeye amekataliwa dawa, hana chozi kabisa. Uende umuongeleshe."

"Nitakwenda, mama, ila ratiba imebana. Nitasema machache tu."

"Aa, tata! Usifupishe!"

Tangu nianze kushika kipaza sauti, hakuna mwananchi aliyewahi kuniomba hivyo. Machozi yakanitoka, tena mengi. Nikamwita Joyline alete kijikaratasi upesi.

"Hayo jifutie tu, Mkubwa," akasema. "Kwako tunachohitaji ni mdomo tu."