Mfalme Aliyekosa Jibu

Jumapili, 2 Machi 2025

Kanisa limenipa igizo la Siku ya Wanawake, Jumamosi hii. Sikushangaa. Nani mwingine hapa West Side, mtaa wetu wa Buffalo, aliwahi kuongoza maigizo kule kambini kwa wakimbizi Tanzania? Nimeshaliandika. Tanzia halisi ya kale: mvua imegoma, mfalme anamtoa binti yake kafara, nchi inapona. Mfalme ni mimi. Ana hotuba nyingi. Malkia ananyamaza hadi mwisho, kisha anapiga magoti na kusema, "Mume wangu, umeamua vema." Malkia ni Agata, mke wangu.

Hapo ndipo penye akili. Nimemwahidi kaka yangu Nestori wa Louisville kwamba binti yetu Irakoze akimaliza shule atahamia kwake kumtunza mama yetu, ambaye siku hizi hainuki bila kushikwa. Irakoze amepata nafasi ya kusomea uuguzi hapa Buffalo. Agata hajasema ndiyo wala hapana. Ananipakulia chakula na kunitazama. Akishatamka "umeamua vema" mbele ya kanisa zima, nyumbani atakataaje?

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Kavugho ameyaharibu. Ni Mkongo wa Beni, anasoma chuo jioni. Nilimpa nafasi ya mtumishi wa malkia, kazi yake kubeba maji tu. Akauliza kwa nini siku ya wanawake wanaongea wanaume. Nikamweleza kwamba ndivyo tanzia za kale zilivyo: wanaume wananena, wanawake wanalia. Akasema tanzia za Wagiriki amezisoma darasani, na mimi sijazisoma. Kweli, lakini amejuaje? Eti humo mwanamke akinyamaza, anayetetemeka ni mfalme, maana anaweza kuamuru kila kitu isipokuwa ulimi wa mtu.

"Donc, kwa hiyo, Papa Zenoni," akasema, "kunyamaza haiko kukubali."

Akina mama wakacheka. Agata hakucheka. Alisikiliza kama yuko ibadani.

Alhamisi, 6 Machi

Kavugho nimemhamishia jikoni, akakaange sambusa. Amani imerudi. Nikitoka kiwandani Tonawanda nilipita Grant Street, nikamnunulia Agata kitenge cha umalkia. Akakipokea kwa mikono miwili, akakikunja, akaondoka. Hata asante sikuisikia.

Irakoze, ambaye ndiye binti wa mfalme, aliuliza kwa nini mfalme asijitoe kafara mwenyewe. Nikamwambia mfalme ana kazi. Akanijibu kwa Kiingereza, haraka haraka, kama afanyavyo asipotaka nielewe.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa. Hotuba zangu zote nilizitoa vizuri. Ikafika zamu ya Agata. Hakupiga magoti. Nikarudia maneno yangu ya mwisho. Kimya. Nikamnong'oneza yake, mstari wa mbele wote ukasikia. Kimya. Nikabuni hotuba nyingine kuhusu ng'ombe na mababu. Agata akanitazama vilevile anavyonitazama mezani.

Bibi Nyirarukundo, mkubwa wa akina mama, akainuka kitini na kwenda kusimama kando yake. Akafuata Kavugho kutoka jikoni, mikono ina unga. Wakafuata wengine, mpaka upande wangu nikabaki na kiti cha enzi. Jasho likanitoka. Nikaacha sauti ya kifalme.

"Mama Irakoze, sema basi."

"Mtoto haendi Louisville," akasema. "Yule ni mama yako, Baba Irakoze. Nenda wewe."

Walioifahamu habari yetu walipiga makofi kuliko wengine. Nilitaka kukasirika. Kisha nikamwona Irakoze pale kwenye mkeka wa kafara, ameshika kitenge cha mama yake, analia kama mtoto mdogo. 

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia Nestori. Likizo yangu ya Juni nitaimalizia Louisville, kumwogesha mama. Irakoze anaenda chuo. Asubuhi Agata alinisalimia.

Jioni kanisa moja la Columbus limepiga simu. Wanalitaka igizo. Hawakuuliza habari za mfalme. Wanamtaka yule mama aliyenyamaza. Sasa kosa langu nimeliona wazi. Sehemu nzuri kuliko zote nilimpa mtu mwingine!

Columbus malkia nitakuwa mimi. Nitanyamaza kuliko Agata. Na ili watu wasiuelewe vibaya ukimya wangu, nimeanza kuandika hotuba ya kuueleza. Imefika ukurasa wa sita, na bado ni utangulizi.