Bolti ya Oili ya Teodora

Jumatatu, 5 Juni 1995
Teodora kaleta Corolla yake nimwage oili. Anauza vitenge Mirongo, na tangu mumewe afariki mimi ndiye fundi wake. Fundi tu, kwa sasa. Nikiwa chini ya gari akaanza kumsifu Farouk, aliyefungua gereji ng'ambo ya barabara. Ati ovaroli yake inapigwa pasi. Ati ana vifaa vya Dubai. Siku hizi kila kitu ruksa, hata kuniharibia! Mimi nimefika Kisumu kwa meli na sijawahi kujisifu.

Nikaamua. Bolti hii ya kumwagia oili nitaifunga mimi, na hakuna mwanamume mwingine atakayeifungua. Nikachomeka bomba kwenye spana, nikavuta kwa nguvu zote za Usukumani. Krak. Bolti ikaanza kuzunguka bure kama feni. Meno yamekwisha! Nikafuta mikono, nikamwambia gari liko tayari.

Jumanne, 6 Juni
Linadondosha. Teodora kaja na tone la oili kwenye kiatu cheupe. Nimemweleza kwamba gari la Japani hutoa jasho kabla ya kuzoea Mwanza. Kisha akasema Jumamosi litambeba mdogo wake Selina kwenda kufunga ndoa Bujora, na likimwaibisha anahamia kwa Farouk moja kwa moja. Nimeapa kwa mama yangu. Nimeizungushia bolti katani na kuipaka sabuni ya mche. Ufundi huu Dubai hawana.

Alhamisi, 8 Juni
Sabuni imeyeyuka. Dawa halisi naijua: kuchonga meno mapya tunduni kwa tepu, kile chuma cha kukatia meno, kisha bolti nene zaidi. Ila tepu anayo Farouk peke yake. Nimekwenda kuiazima, nikasema ni ya mashine ya kusaga ya mjomba. Akauliza saizi. Nikajibu ya kati na kati. Akasema basi niilete hiyo mashine tuipime pamoja. Kwa upole! Na chai ya hiliki akanipa. Watu wa namna hii ndio hatari. Nimerudi mikono mitupu, nikaongeza katani.

Jumamosi, 10 Juni
Niliendesha mwenyewe, nimevaa tai. Tulipopita Kisesa taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima injini palepale. Fundi ni fundi. Bolti haipo. Nyuma yetu mstari mweusi barabarani kama nyoka. Selina analia ndani ya shela. Teodora halii, ananitazama tu. Heri angenitukana.

Nani akatokea na pikapu? Farouk, ndani ya suti. Kumbe naye kaalikwa! Akainama, akaona katani inaning'inia, akaigusa sabuni. Nikangoja aibu yangu.

"Bolti ya zamani hii, dada Teodora," akasema. "Huchakaa."

Akateremsha sanduku la vifaa na galoni ya oili, akampa Teodora funguo za pikapu amwahishe bibi harusi. Kisha akalala nami vumbini, suti na yote. Tepu akaipaka grizi, ati chembe za chuma zinase zisiingie ndani ya injini. Akanishikisha mpini, akaniita kwa jina wanalotuita Wasukuma wote.

"Zungusha wewe, Ngosha. Nusu mbele, robo nyuma. Usilazimishe."

Meno yakatoka safi, bolti mpya ikakaa, hakuna hata tone. Nimemchukia mara mbili. Mtu ana tepu, ana suti, halafu ana roho nzuri pia. Mimi ananiachia nini?

Jumapili, 11 Juni
Teodora kapita akitoka kanisani. Nilianza kumpa pole kwa bolti ya zamani. Akanikatiza.

"Kaka Kashindye, Jumatatu nilikuona ukivuta lile bomba. Oili atamwaga Farouk. Wewe uniangalizie matairi."

Wabeja, nikamshukuru kwa Kisukuma chetu, nikajizuia kucheka. Farouk kapewa bolti moja. Mimi nimepewa matairi manne na la akiba! Nimeanza papo hapo. Kila nati nimepanda juu ya spana kwa miguu miwili nikarukaruka. Hata Farouk alete Dubai nzima, hafungui. Teodora akauliza, akipata pancha njiani yeye mwenyewe atafunguaje.

Nikamwambia ndiyo raha yake: lazima aniite mimi.