Kamba za Viatu za Shetani

Jumamosi, 22 Februari

Kijiji kizima kinanuka moshi. Wamechoma tena nyasi chini ya misonobari, kama kila mwaka. Mimi wangu nimekataa kuuchoma! Dada Odessa, mjane mwenye tabasamu la kumtoa nyoka pangoni, ametangaza kanisani: sikukuu yake ya kuzaliwa itafanyika katika msitu wenye kamba za viatu za shetani nyingi kuliko yote. Ni kijimea cha porini tu, ndugu wa kunde, ua la manjano na pinki, lakini marehemu mama yake alikipenda. Mwenye msitu ataketi kando yake. Sasa nani amwunguze mshenga wake? Vyangu nimevimwagia mbolea ya kuku mpaka mgongo ukalia.

Jumanne, 4 Machi

Nimevaa shati jeupe, nikaenda kumpa pole Shemasi Purvis, mpinzani wangu. Msitu wake mweusi kama kitako cha sufuria. Akasema mizizi iko salama chini, na mbegu zina ganda gumu, joto ndilo huzibishia hodi. Nikaitikia amina. Maskini, moshi umempanda kichwani.

Jumapili, 27 Aprili

Mbolea imejibu! Nyasi kiunoni. Miiba shingoni. Kamba za shetani nimezitafuta kwa miwani ya kuazima: tatu, zimekonda kama wagonjwa. Kwa Purvis zimetanda kote, na kwale wanapita chini yake kama wenye nyumba. Purvis anasema eti mmea huu hujitengenezea mbolea mizizini. Ukiuongezea, unawanenepesha maadui zake. Angesema mapema! (Anadai alisema.)

Ijumaa, 23 Mei

Kuhamisha si kuiba. Alfajiri nimeingia kwa Purvis na sepetu. Nimechimba mpaka magotini, mzizi bado unashuka. Nikavuta kwa nguvu zote. Mzizi haukukatika. Mkanda wangu ulikatika. Suruali chini, na nani anakuja kuchagua pa kuweka meza? Dada Odessa! Nikasema nimekuja kupalilia. Purvis, aliyekuwa nyuma yake, akachomoa kamba ya kiatu chake akanipa nifungie suruali.

Jumapili, 25 Mei

Sherehe imefanyika kwa Purvis. Maua kote. Yeye kaketi kando ya mjane, mimi mwisho wa meza, na mfupa wa kuku. Hata hivyo Dada Odessa aliniletea mkate wa mahindi kwa mkono wake, akaniinamia.

“Kaka Lemueli, msitu ulitaka kiberiti, wewe ukaupa samadi.”

Nikamwambia nimekoma, nimeelewa. Kisha akalalamika kwamba waridi lake la mlangoni mwaka huu halijatoa hata ua moja. Purvis alikuwa anatafuna, hakusikia. Mimi nimesikia! Dawa amenipa mwenyewe dakika ile ile.

Kesho akienda kazini nitamchomea waridi lake, nimshangaze. Baraza lake ni la mbao kavu, liko palepale, kwa hiyo moto hautakosa nguvu.