Ubongo Hausalimiwi

Jumatatu saa nne, wodi ya akili ilitangaziwa kuwa imeingia rasmi katika zama za sayansi. Ndugu Yeremia, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuoanisha Baiolojia na Falsafa ya Uuguzi, alikuja kutoka Nyamagana na wajumbe kumi na mmoja kubandika waraka ukutani. Ugonjwa wa akili uko kwenye ubongo, ubongo ni nyama, na nyama haisalimiwi. Kuanzia sasa nesi atapima, ataandika, atanyamaza.

Mama Luhaga aliupokea waraka kwa heshima zote. Shida ilikuwa Luhaga, mwanawe. Yeye hamezi kidonge mpaka Nesi Dorcas akae kitandani, amsalimie Kisukuma, aulizie ng'ombe, mvua, na shangazi yule mwenye mguu mbovu. Sasa Dorcas aliweka kidonge kwenye kisahani na kuondoka. Luhaga akawa anakitazama tu. Siku ya nne akaanza tena kubishana na feni.

Mama akamfuata Mwenyekiti, akamwamkia, ingawa ana umri wa mdogo wake wa mwisho.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Mama, mwanao hana upungufu wa maneno. Ana upungufu wa kemikali."

"Sawa, baba. Kemikali si ziko kwenye kidonge?"

"Kabisa."

"Na kidonge kiko kwenye kisahani. Kutoka pale mpaka mdomoni, sayansi inasemaje?"

Hoja hiyo, alijibiwa, itaundiwa kamati ndogo.

Ijumaa alikuja mgeni rasmi. Mwenyekiti akajitolea kupimwa mbele ya kamera. Dorcas akapima, akaandika, akanyamaza.

"Vipi, presha iko juu?"

Dorcas akageuza ukurasa.

"Dada, si useme?"

Dorcas akaandika: jasho, moyo unakwenda mbio, anaongea peke yake. Kifungu cha saba cha waraka kiko wazi: mwenye dalili tatu alazwe siku tatu. Wajumbe wakampigia makofi kwa mfano bora, wakaenda na mgeni kula sato.

"Nakuruhusu uongee," Mwenyekiti alisema kutoka kitandani. Dorcas akamwonyesha kwa kidole kifungu cha nane: aliyelazwa hasaini wala haamuru. Akamwekea kidonge chake. Mwenyekiti akawa anakitazama tu.

Luhaga, kitanda cha pili, akageuka, akamsalimia Kisukuma. "Mwangaluka, mzee. Ng'ombe hawajambo?"

Mwenyekiti, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, akasema hawajambo, ila mmoja anakohoa. Wakaongea mpaka mvua za Buswelu. Kisha wakameza wote wawili, na Mama Luhaga, mlangoni, akapumua.

Taarifa ya kamati ilisema wagonjwa wawili wamemeza dawa, na sababu ya kibaiolojia bado inatafutwa. Haikusainiwa. Mwenye kusaini alikuwa amebakiza siku mbili za kulazwa.